Turbo ni kitu gani? Gari la Saab 900 na motere yake



Siku hizi neno moja linaleta ubishi mwingi katika internati: turbo. Wamoja wanasema turbo ni dawa ya kuongeza mbio. Wengine wanasema ni ule mluzi unaosikika wakati kamio inapanda mlima. Na mwenzetu mmoja (jina lake hatulitaji, yeye mwenyewe anajijua) alikaza kabisa kwamba turbo ni ya mazuti tu, motere ya esanse haiwezi kuwa nayo. Sababu kazi yetu ni kutunza kimya wakati wa kujisomea jioni, na mashindano haya yanavunja kile kimya, tumeona vema kufasiria jambo hili hapa. Tutachukua gari moja la esanse lililojulisha turbo kwa watu wengi: Saab 900 Turbo, iliyotengenezwa katika inchi ya Uswidi.

Kwanza tuelewe hewa. Motere haili esanse peke yake. Ili kilo 1 ya esanse iungue vizuri, inaomba hewa kilo 14.7 hivi. Mwalimu wetu wa kemia atakubali. Kwa hiyo mtu akitaka nguvu zaidi, kumwaga esanse nyingi ndani ya silindri haitoshi. Itatoa moshi mweusi tu, na bugi zitachafuka. Lazima hewa nayo iongezeke. Njia ya zamani ilikuwa kufanya silindri kubwa au kuzidisha hesabu yake: sita, nane, hata kumi na mbili. Lakini motere kubwa ni nzito, nayo inakunywa esanse hata wakati gari linatembea polepole.

Njia ya pili ndiyo turbo. Moshi unaotoka katika motere ni moto sana, tena unatoka kwa nguvu. Karibu sehemu moja kwa tatu ya nguvu ya esanse inapotea humo bure. Mwaka 1905 injenia mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya serikali kwa wazo la kuutumia ule moshi. Namna yake ni hii: magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yote mawili juu ya fimbo moja. Moshi unazungusha gurudumu la kwanza. La pili, sababu wako pamoja, linazunguka vilevile, linavuta hewa ya inje na kuisukuma kwa kuibana ndani ya silindri. Fimbo hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mluzi ule ndio huo, basi. Si dawa, na hauchagui mazuti wala esanse.

Lakini yule mwenzetu alikuwa na sababu kidogo. Mazuti na turbo ni marafiki wa zamani. Esanse na turbo waligombana miaka mingi. Ukibana hewa, inapata moto. Ukiibana mno pamoja na esanse, ile esanse inalipuka yenyewe mbele ya saa yake, na pistoni inapigwa kama nyundo. Mafundi wanasema motere inagonga. Ikigonga muda mrefu, pistoni inatoboka. Mwaka 1962 Wamarekani walijaribu na gari la Oldsmobile Jetfire. Ili kuzuia kugonga, waliweka tangi ndogo ya maji yaliyochanganywa na pombe ya methanoli, yapulizwe ndani ya motere. Wenye magari wakasahau kuijaza, na ile Jetfire haikudumu sokoni. Mwaka 1973 BMW wakatoa 2002 Turbo, yenye nguvu za farasi 170. Ilikuwa kama mtu mwenye usingizi: unakanyaga, haijibu, halafu kwa ghafula inaruka kama mbuzi. Tena ilitokea wakati mubaya, kwani mwaka uleule bei ya mafuta ilipanda dunia nzima. Walitengeneza 1,672 tu, wakaacha.

Sasa tuje kwa Saab. Kampuni hii ilikuwa ndogo. Mwaka 1977 ilikaribia kuunganishwa na Volvo, jirani yake mkubwa, lakini mapatano yalivunjika mwaka uleule. Ilikuwa na motere moja nzuri ya lita mbili, silindri nne, na haikuwa na feza ya kuunda motere mpya ya silindri sita ili kushindana na Wadachi. Je, ingefanya nini? Tangu 1969 Saab ilikuwa kampuni moja na Scania, watengenezaji wa kamio, na watu wa kamio walizoea turbo tangu zamani. Injenia Per Gillbrand na wenzake wakageuza mawazo. Hawakutafuta mbio kubwa kabisa kama watu wa mashindano. Walichukua turbo ndogo inayoamka mapema, wakaiwekea mlango wa kutolea moshi: hewa ikibanwa kufika kipimo kilichowekwa, mlango unafunguka, moshi unapita kando, na turbo haizidishi tena. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kuvuta ilipatikana motere ikizunguka mara 3,000 tu kwa dakika, yaani pale mushofere wa kila siku anapoihitaji, akitaka kupita kamio iliyo mbele yake.

Gari la kwanza lilikuwa Saab 99 Turbo, lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1977. Motere ileile ya lita mbili iliyokuwa na farasi 118 ikapata farasi 145. Mwaka 1979 Stig Blomqvist alishinda mashindano ya rali ya Uswidi na gari hilo. Ndiyo mara ya kwanza gari la turbo kushinda katika mashindano ya rali ya ubingwa wa dunia. Saab 900 ilifuata tangu 1978, na baada ya miaka michache ikatoka ile ya milango minne yenye kofre iliyofungwa nyuma, aina tunayoiita berlini. Hilo lilikuwa gari la munganga, la injenia, la mkubwa wa ofisi ambaye hataki gari refu kama la waziri lakini hataki vilevile kudharauliwa njiani.

Mambo yake mengine ni ya ajabu kidogo. Motere imelazwa upande, tena imewekwa kinyume: ambreyaje iko mbele, karibu na radiateri, na sanduku la vitesi liko chini ya motere. Fundi anaweza kubadilisha ambreyaje bila kutoa motere. (Wenye kusoma mekanike watajua namna hiyo ni raha gani!) Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ufunguo wa kuwashia hauko karibu na volani. Uko chini, katikati ya viti viwili, kusudi usiumize goti la mtu wakati wa ajali. Na kama gari ni la vitesi vya mkono, huwezi kuutoa ufunguo kabla ya kuingiza vitesi ya kurudi nyuma. Wezi hawakuipenda.

Lakini tunaona kazi yao bora kupita zote ni ile iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo inaitwa APC. Waliipa motere sikio. Ni kifaa kidogo kilichofungwa juu ya motere, kinachosikiliza kama kuna kugonga. Kikisikia, kinapasha habari kisanduku cha umeme, na kisanduku kinaamuru ule mlango wa moshi upunguze hewa. Ukitia esanse nzuri, motere inatoa nguvu yote. Ukitia esanse dhaifu, inatoa nguvu kidogo, lakini haivunjiki. Kisha, mwaka 1984, wakaweka supape 16 pamoja na radiateri ya kupoza hewa iliyobanwa, na farasi wakafika 175, kwa lita mbili zilezile. Saab 900 za namna hii ziliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1993 na 1994, zote pamoja zaidi ya 900,000. Kampuni ya magari ya Saab yenyewe ilifilisika Desemba 2011. Wazo lake lilibaki: leo magari mengi mapya ya esanse, hata madogo, yana turbo na yana sikio la namna hiyo.

Wengine watatuuliza: sisi tunapata faida gani na gari la Uswidi? Tujibu mawili.

La kwanza ni milima. Bukavu, Goma na Butembo ni miji iliyo juu ya mita 1,400. Huko hewa ni nyepesi. Nguvu yake ni kama 85 kwa mia ya ile ya pwani ya bahari. Motere isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kadiri ileile, hata ikiwa mpya. Yenye turbo inabana ile hewa nyepesi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ongeza na esanse ya chupa tunayonunua kwa kadhafi kando ya njia, ambayo pengine imechanganywa: ukifikiri hivyo, utaona ile akili ya sikio si mchezo wa matajiri.

La pili ni mafuta ya motere. Baba mmoja, mzazi wa mwenzetu, ana kamio ya turbo. Ndani ya mwaka mmoja alinunua turbo mbili, na feza ya minervale ya watoto watatu ilienda humo. Mwenzetu alikosa mtihani wa kwanza. Watu walimwambia ni piyese mbaya. Labda. Lakini ile fimbo inayozunguka mara 100,000 haikai juu ya chuma, inaelea ndani ya mafuta yanayosukumwa na motere. Ukitoka mlimani na mzigo, turbo ina moto mwekundu. Ukizima hapohapo, mafuta yanasimama, yanaungua na kugeuka makaa ndani ya njia zake ndogo, na siku nyingine fimbo inazunguka kavu. Kwa hiyo, ukifika, acha motere izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, na badilisha mafuta kwa wakati wake. Ni mafuta ya senti chache. Mwenzetu amekwisha kumwambia baba yake, na sasa vijana wa kamio wanalalamika kwamba Mzee anawachelewesha kushuka.