Uvimbe wa Titi Usingoje Uume

Mama anaoga alfajiri kabla ya kuwahi zamu yake kiwandani. Mara vidole vyake vinagusa kitu kigumu ndani ya titi, kadiri ya punje ya mbaazi. Hakiumi. Basi anajifunga kanga, anakwenda kazini, na miezi inapita. Kosa lake ni hilo, kwani saratani ya titi inapoanza mara nyingi haiumi.

Tusitishane. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini hakuna awezaye kuthibitisha hivyo kwa kupapasa tu, hata akiwa daktari bingwa. Uthibitisho ni kuchukua kinyama cha uvimbe huo na kukitazama kwa hadubini.

Wengi hudhani kwamba kazi hiyo hufanyika tu katika hospitali kubwa, kama vile Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam. Sivyo. Daktari aliyefunzwa aweza kuifanya katika hospitali ya kawaida, bila kumlaza mgonjwa. Humchoma dawa ya ganzi, kisha kwa sindano maalumu yenye tundu hutoa vipande vichache vyembamba kama njiti za kiberiti. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Vipande hutiwa upesi katika chupa yenye formalini ili visiharibike, huandikwa jina la mgonjwa, na kupelekwa kwenye maabara yenye mtaalamu. Chupa ndiyo isafiriyo. Mama hubaki na wanawe.

Maabara haisemi tu kama ni saratani. Huonyesha pia ni ya aina gani, na hivyo dawa ipi itafaa. Ndiyo sababu si vema kukimbilia kuukata uvimbe wote kabla ya majibu.

Wako wasemao kwamba uvimbe ukichomwa sindano, saratani husambaa. Hofu hiyo isikuzuie. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kuchelewa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza.

Kwa hiyo, mama, usiondoke hospitali kabla ya kuuliza: kinyama changu kinapelekwa wapi, na majibu nifuate lini? Siku ikifika, yafuate. Ukiambiwa si saratani na huku uvimbe unazidi kukua, rudi, kipimo hurudiwa.

Nanyi akina baba, msimwachie mama mzigo huu peke yake. Msindikizeni. Tena kumbukeni kwamba hata titi la mwanamume hupata saratani, ijapokuwa kwa nadra.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukigusa kigumu leo, kesho uonekane hospitali.