Sumu Mbili Zilizotoka Chumba cha Giza

Wazee wa Homa Bay na Migori waliopigwa picha zamani katika studio wanakumbuka chumba cha nyuma ambacho wateja hawakuruhusiwa kuingia. Humo, kwa mwanga wa taa nyekundu, mpiga picha alisafisha picha zake kwa dawa zenye harufu kali. Siku hizi picha nyingi hupigwa kwa simu, na vyumba vile vimebaki vichache. Hata hivyo, habari za dawa zake zina fundisho kubwa kwa nchi ya Migori, ambako dhahabu huchimbwa.

Mwaka 1839, Mfaransa Louis Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha, sura ilitokezwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha kwa kulifukiza mvuke wa zebaki. Baada ya mwaka 1851 ikaja njia ya kutumia vioo, na wapiga picha wengi wakatumia sianidi kuondoa dawa iliyosalia ili picha isiharibiwe na mwanga. Zebaki humdhuru mtu polepole. Sianidi huweza kumwua kwa dakika chache. Hatimaye mafundi waliziacha, wakatumia chumvi isiyo na hatari kubwa ambayo wao huiita “haipo.” Si kwamba chumba cha giza kilikuwa salama kabisa, kwani baadhi ya dawa ziliwababua mafundi mikono, na nyingine zilitoa hewa ya kukaba kifua. Kwa hiyo fundi mwenye busara alivaa glavu, aliweka njia ya hewa, wala hakula chakula humo.

Basi sumu zile mbili zingali zikitumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Nyatike. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini wananchi wameendelea kuchimba. Mawe husagwa, mchanga wake huoshwa kwa maji, kisha zebaki hutiwa karaini na kuchanganywa kwa mkono, nayo hushikamana na chembe za dhahabu ikawa donge moja. Donge hilo huchomwa motoni, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki.

Hatari kubwa imo katika kuchoma huko. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Ukivutwa pumuani huingia katika damu, ukadhuru ubongo na figo. Mikono hutetemeka, na kumbukumbu hupotea. Mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Achomaye jikoni huwavutisha sumu hiyo watoto wake wote, na sufuria iliyotumika haifai tena kupikia.

Sianidi nayo hutumiwa kutoa dhahabu iliyobaki katika mchanga uliokwisha kuoshwa. Ikikutana na asidi hutoa hewa ya kuua. Tena mchanga wenye zebaki ukitiwa sianidi, zebaki huyeyuka na kuenea kwa urahisi zaidi katika maji.

Jambo hili haliwahusu wachimbaji peke yao. Mto Migori huungana na Mto Kuja, na maji yake huingia katika Ziwa Victoria, ambalo huwalisha pia watu wa Homa Bay. Ndani ya maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, ambayo hukusanyika katika samaki, hasa wakubwa walao wenzao. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na samaki wa namna hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga taka zake baharini. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, hubeba jina la mji huo, na Kenya imeuridhia.

Mchimbaji anaweza kuanza leo. Asichome nyumbani wala penye watu. Atumie chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, ambacho hurudisha sehemu kubwa ya zebaki ili itumike tena. Hivyo hulinda pumzi yake na fedha yake pia. Asishike zebaki kwa mikono mitupu, wala asimwage maji machafu mtoni. Iliyo bora ni kuosha dhahabu bila zebaki kabisa. Wapiga picha waliziacha sumu hizi, na picha hazikukoma. Tahadhari kabla ya hatari.