Chama cha Siri Hakijitangazi Nguzoni

Kwa miaka mingi sasa wananchi wa Bukoba na Muleba, kama wenzao wa mikoa mingine, wamekuwa wakinong'onezana habari za Frimasoni. Mtu akipata gari, wasema kajiunga. Tajiri akifiwa na mtoto, wasema kamtoa kafara. Na maneno hayo husemwa matangani, mama wa marehemu angali analia. Sisi twauona huo kuwa ni udhalimu, na twapenda kulitazama jambo lenyewe kuliko linavyotazamwa penye rubisi.

Vyama vya siri si vigeni Buhaya. Kabla ya mapadre kufika Kashozi mwaka 1892, na hata baada yake, walikuwapo watumishi wa mizimu ya Bachwezi walioitwa embandwa. Walimtumikia Wamara, na Mugasha mwenye ziwa na dhoruba, na Irungu mwenye pori. Mwanachama mpya alikula kiapo cha kutofichua aliyoyaona, akafundishwa maneno asiyoyaelewa mtu wa nje. Mara nyingi aliyeingia alikuwa mgonjwa, au mwanamke aliyetamani mtoto.

Wayeyusha chuma nao walikuwa na siri yao. Katuruka, karibu na Maruku, pamefukuliwa mabaki ya tanuru za zaidi ya miaka 2,000. Wakati wa kuyeyusha, mafundi walikaa kambini mbali na wake zao. Walichimba shimo, wakaweka ndani yake matete ya bwawani yaliyochomwa, wakajenga tanuru juu yake na kuvuta mivukuto kwa zamu. Katika miaka ya 1970 wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana walijenga tena tanuru mbele ya wataalamu, na siri ikaandikwa vitabuni. Kumbe ilikuwa siri ya ujuzi, uliowapa watu jembe na mkuki.

Frimasoni hujinasibisha na mafundi vilevile, yaani waashi wa Ulaya. Makundi yao manne ya London yaliungana mwaka 1717. Wana ishara zao za kufahamiana, na hatuwezi kusema kwamba twayapenda mambo yafanywayo nyuma ya milango iliyofungwa. Lakini jengo lao la Dar es Salaam liko kando ya barabara kuu, kila apitaye hulitazama. Marehemu Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017 na aliyepata kuwa kiongozi wao katika Afrika Mashariki, hakuficha uanachama wake. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vya unga vya jamaa yake vilitaifishwa, kisha Mwalimu Nyerere akampa kazi ya kuliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Twauliza: hiyo nguvu ya giza ilikuwa wapi siku vinu vilipochukuliwa?

Basi huyo abandikaye karatasi kwenye nguzo ya umeme, yenye namba ya simu na ahadi ya mamilioni, ni nani? Frimasoni wa kweli hawatafuti watu kwa matangazo. Atakaye huomba kwa mwanachama, na akikubaliwa hutoa ada badala ya kupewa fedha. Tapeli huanza kwa kudai fedha kidogo ya fomu, halafu ya usajili, halafu ya kuyasafirisha hayo mamilioni, na kila mara hubaki hatua moja tu. Mkulima aliyeuza kahawa yake hutuma. Mfanyakazi aliyestaafu hutuma. Akizinduka, huona haya kwenda polisi, maana ataulizwa alikuwa akijiunga na nini, na jirani watauliza alikusudia kumtoa nani. Haya hiyo ndiyo ngao ya tapeli, na sisi wenyewe twamtengenezea kila tunaponong'ona matangani.

Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302. Aliyetuma fedha na aende kituoni na ujumbe wa malipo uliomo simuni mwake, asiufute kwa aibu. Na namba iliyomlaghai aipeleke 15040.