Gitaa Lisifungiwe Chumbani
Wamaasai wa Endulen, kwa desturi, huimba bila ngoma wala zeze: olaranyani huanzisha wimbo, wenzake humwitikia, na aliyepotea husikika papo hapo. Sisi wapiga gitaa hujificha. Tunajifungia na “Lágrima” ya Francisco Tárrega (1852–1909) tukingoja ikamilike. Nayo, ingawa fupi, haikamiliki upesi. Sehemu ya kwanza ni E meja, ya pili E maina, kisha ya kwanza hurudiwa. Kidole kikikwama, tusirudi mwanzo: tutenge mapigo yale machache, tuyapige polepole mno, kisha tumwite mwenzetu kabla hatujawa tayari. Yeye atasikia uzi uliokatizwa mlio, ambao sisi, tukihangaika na vidole, hatuusikii. Kesho yake tumsikilize yeye. Na wanafunzi wakichungulia dirishani, waachwe wasikie tunavyokosea.