Mdomo Mweusi Unapogeuka Kijani

Wengi waitazamao bendi ya polisi ikipiga wimbo wa taifa mbele ya Bunge mjini Dodoma hudhani kwamba mdomo mweusi wa klarineti, ule wenye kufungiwa utete, ni wa mpingo. Na dhana hiyo ina udhuru, kwa kuwa kiwiliwili cha chombo hicho aghalabu huchongwa kwa mpingo, nao wetu hutoka Kilwa na Lindi. Walakini mdomo huo kwa kawaida ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa kwa kibiriti upele kingi hata ukawa mgumu, ambao Nelson Goodyear alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1851.

Kibiriti hicho ndicho asili ya ule ukijani na ladha kali vya mdomo uliopauka, ambavyo watu huvidhania kuwa uchafu. Mwanga wa jua, na katika uwanda huu wa Dodoma uliopita mita 1,100 juu ya bahari jua ni kali, huvilegeza vifungo vya kibiriti kilichomo usoni mwa mdomo, nacho kikikutana na hewa na unyevu huzaa tindikali kidogo na weusi hupauka. Asuguaye kwa sabuni kutwa nzima haondoi kitu, kwa sababu iliyogeuka ni ngozi ya mdomo wenyewe. Na atiaye maji ya moto huzidisha ukijani papo hapo, tena huenda akaupinda.

Ama ukoko mweupe uonekanao ndani ya mdomo, huo si ukijani bali ni chokaa ya mate: siki iliyozimuliwa kwa maji baridi huuyeyusha, kisha suuza kwa maji ya mvua, maana ya visima vya hapa yana chumvi. Ngozi ya nje iliyogeuka kijani huondolewa kwa msasa laini uliolowanishwa, wa namba 1000 kisha 2000, na kumalizia kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa cha pamba. Lakini hadhari: kibao bapa kilaliwacho na utete, kingo zake mbili na ncha visiguswe na msasa kamwe, kwa kuwa nafasi iliyopo baina ya ncha na utete hukaribia milimita moja tu, na humo ndimo sauti izaliwamo. Mdomo ung'arao usiolia una faida gani?

Linisikitishalo ni kuona klarineti nzima, iliyotokana na mti uliokua zaidi ya miaka 70, ikitupwa stoo kwa sababu ya mdomo uliopauka, ilhali mfuko wa kitambaa cheusi ungalitosha kuukinga na jua.

Ebonaiti imetumika pia kutengenezea kalamu za wino, vitana, midomo ya viko na masanduku ya betri za magari, navyo vikiachwa juani hugeuka vivyo hivyo.