Gebali, Mji Mdogo Ulioipa Biblia Jina Lake

Neno "Biblia" tunalitamka kila siku nyumbani na kanisani, lakini si akina mama wengi wanaojua kwamba asili yake inahusishwa na mji mdogo wa bandari ulioko Lebanoni, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Wayunani wa kale waliuita Byblos. Kwa njia ya mji huo walipata mafunjo ya Misri, ambayo ndiyo yaliyokuwa karatasi ya siku hizo, na jina hilo likawa jina la karatasi, kisha la vitabu. Waarabu huuita Jubail, na katika Agano la Kale unaitwa Gebali.

Tuliutembelea mwezi Mei 2023, tukiwa akina mama saba katika safari ya kanisa. Kutoka Beirut ni kiasi cha kilometa 40 kuelekea kaskazini. Bandari yenyewe ni ndogo sana. Mashua za wavuvi zimefungwa zikigusana. Ni vigumu kuamini kwamba zaidi ya miaka 4,000 iliyopita hapa ndipo mierezi ilipopakiwa kwenda kwa wafalme wa Misri.

Watu wa Gebali walikuwa mafundi hodari. Kitabu cha 1 Wafalme 5:18 kinawataja kati ya waliotayarisha miti na mawe ya Hekalu la Sulemani. Ezekieli 27:9 inawataja wazee wao waliotia kalafati merikebuni. Wenzetu waliokulia Tanga na Bagamoyo walifurahi sana tuliposoma hapo, maana kalafati wanaijua: ni pamba inayogongwa katikati ya mbao za jahazi ili maji yasipenye.

Tulipanda pia kwenye ngome iliyojengwa na wapiganaji wa Vita vya Msalaba katika karne ya 12, tukaingia katika kanisa la Yohane Marko ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1115. Mwaka 1923 katika mji huu lilifukuliwa jeneza la mawe la mfalme Ahiramu, ambalo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa huko Beirut. Limechorwa maandishi ya Kifoinike, ambayo herufi zake zilikuwa 22. Kutoka kwa herufi hizo Wayunani walipata zao, kisha Warumi, na hizo za Warumi ndizo tunazoandikia Kiswahili leo.

Lakini jambo lililotugusa zaidi halikuwa la mawe. Pale bandarini, binti mmoja aliyekuwa akisukuma kiti cha magurudumu cha bibi mzee alisikia Kiswahili chetu, akasimama.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu! Watoka wapi?"

Alikuwa mtoto wa Kilifi, Kenya. Bibi huyo alimtendea vema, alituambia. Kwa mwajiri wake wa kwanza hakupewa siku ya kupumzika, simu yake ilichukuliwa, na mshahara wa miezi minne hakulipwa. Sisi wauguzi tulitazama mikono yake, tukaona ngozi iliyopasuka na makovu ya dawa kali za kusafishia sakafu. Mama yake mzazi hakuambiwa lolote. Binti alimwandikia tu kwamba mshahara umechelewa, kwa kuogopa presha ya mama isije ikapanda. Tulimpa mafuta ya mgando tuliyokuwa nayo, tukaomba naye kwa kifupi, kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kumchosha bibi.

Wapendwa, inafaa tuelewe mambo haya yanavyotokea. Katika utaratibu uitwao kafala, kibali cha mfanyakazi wa nyumbani kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akiondoka bila idhini yake, anahesabiwa kuwa amevunja sheria. Nayo sheria ya kazi ya Lebanoni ya mwaka 1946, katika kifungu cha 7, iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Uchumi ulipoanguka kuanzia mwaka 2019, wengi walikosa mishahara, na mwaka 2020 baadhi yao walitupwa barabarani na waajiri wao. Katika vita vya mwaka 2024 wapo walioachwa nyuma wakati wenye nyumba walipokimbia. Kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Beirut lilikuwa kati ya waliowafungulia milango.

Hatuwezi kuwakataza binti zetu kutafuta riziki. Ila kabla binti hajaondoka, tufanye haya:

Kwanza, mkataba usomwe na mtu anayeelewa lugha yake, na nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki nyumbani, pamoja na anwani ya mwajiri na jina la wakala.

Pili, mpatane siku ya kupigiana simu, na neno moja la siri atakalolitaja akiwa hatarini.

Tatu, usimwulize habari za fedha tu. Mwulize analala saa ngapi, anakula nini, ngozi yake ikoje. Majibu hayo yatakueleza mengi kuliko "niko salama".

Nne, parokia na usharika viwe na orodha ya mabinti waliosafiri, ili waombewe kwa majina na familia zao zitembelewe.

Tano, akirudi mikono mitupu, apokewe kama mtoto. Huenda ana majeraha asiyoyasema. Mpeleke hospitali kwa upole, wala usimsimange.

Wazee wa Gebali walikagua mbao na kuziba nyufa ili merikebu iwe salama safarini. Nasi akina mama, kazi ya kuziba nyufa tuifanye nchi kavu, kabla tanga halijapandishwa.