Kujikunja, kukunjwa na mkunjo katika maelezo ya protini

Protini huanza kama uzi. Asidi amino huungwa moja baada ya nyingine, na aghalabu uzi huo haufanyi kazi hadi upate umbo lake. Kiswahili hulieleza tendo hilo kwa mzizi -kunj-, nao mnyambuliko unaochaguliwa una uzito.

Kauli ya kutendwa humtaka mtendaji: nguo hukunjwa na mtu. Jongoo aguswapo hujikunja. Protini iko upande wa jongoo, na aliyelithibitisha hilo ni Christian Anfinsen wa Marekani. Alikikunjua kimeng'enya cha ribonyukliezi, chenye asidi amino 124, kwa urea pamoja na kemikali ya kuvunja vifungo vya salfa. Kikapoteza uwezo wake. Kemikali hizo zilipoondolewa, kikarejea umbo na kazi yake chenyewe. Utafiti huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972. Ni kweli kwamba ndani ya seli zipo protini nyingine zinazoulinda uzi usiharibike ukijikunja, lakini mlinzi si mkunjaji.

Kinyume chake ni kukunjuka. Yai la mchuuzi wa Mlandege, Iringa, likiwa sufuriani, ute wake huanza kuganda penye nyuzi joto 60 hivi: protini hukunjuka, kisha husokotana, ute ukawa mweupe. Likipoa halirudi kuwa bichi, kwa sababu ya kule kusokotana.

Nomino "mkunjo" ihifadhiwe kwa umbo lililokamilika. Programu ya AlphaFold hubashiri mkunjo. Njia ambayo uzi huifuata hadi kufika hapo ni swali jingine. Wanaolichunguza huweza hata kuivuta molekuli moja kwa mwanga wa leza, kisha wakaiachia ijikunje upya.

Mfasiri wa vijitabu vya afya ajihadhari zaidi afikapo kwenye selimundu. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino ya sita, glutamati, huwa imebadilishwa na valini. Mnyororo hujikunja karibu kama kawaida. Shida huja oksijeni inapoachiliwa: molekuli hushikana zikawa nyuzi ndefu, nazo huipinda seli mfano wa mundu. Kuandika "protini iliyokunjika vibaya" hapo ni kumpotosha msomaji. Kinachoharibika umbo ni seli, na kitenzi chake ni kupinda.